Pumzi Chini ya Mkaja

Mama mkubwa alikuwa na namna yake ya kufunga mkaja. Kwanza alinilaza chali juu ya mkeka, akapitisha kitambaa cha marekani chini ya kiuno changu, akakivuta kutoka pande zote mbili mpaka pindo zikakutana juu ya tumbo. Kisha aliweka goti ubavuni mwangu, akavuta tena, na hapo ndipo alipofunga fundo. Alianzia chini ya kitovu akapanda mpaka karibu na mbavu, fundo baada ya fundo, na kila alipomaliza moja alijaribu kupitisha kidole baina ya kitambaa na ngozi yangu. Kidole kikipita, alifungua akaanza upya.

Wasiojua nitawaeleza. Kwetu Unguja mwanamke akishazaa hukaa ndani arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunywishwa uji wa pilipili manga, hufukizwa, na hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu kinachoitwa mkaja, ili tumbo lirudi na mwili ushikane. Mkaja una heshima yake. Hata mtu akija kuposa, pamoja na mahari hutoa fedha kwa jina hilo hilo, haki ya mama wa bibi harusi, kwa kuwa yeye ndiye aliyejifunga tumbo kwa ajili ya binti huyo. Mama yangu alikufa mimi nikiwa mchanga, kwa hiyo siku ya posa yangu mkaja ulipokelewa na dada yake, huyu mama mkubwa aliyenilea. Hakuutumia kwa shida zake. Alinunua marekani, akaifua na kuifua mpaka ikalainika, akaikunja na kuitia kabatini pamoja na asumini zilizokauka. Alikuwa akisubiri nizae.

Nilizaa mtoto wa kike mwenye afya na sauti, nikarudishwa nyumbani, na kabla sijazoea hata kumnyonyesha nikaanza kufa. Sitii chumvi. Akili yangu haikujua kwamba ni kufa, lakini mwili ulijua, ukanijaza hofu ambayo sikuwa na kitu cha kuonyesha ili watu waiamini.

Kwanza zilikuwa ngazi. Nyumba ya mama mkubwa iko Mji Mkongwe, ghorofani, na ngazi zake ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima. Siku niliyotoka hospitali nilisimama katikati yake nikajifanya natengeneza kanga ya mtoto. Baadaye ikawa shida kutoka kitandani kwenda chooni. Baadaye ikawa shida kulala tu. Nikilazwa chali, kitu kilinikalia kifuani. Nikiinuka, kilipungua kidogo. Miguu ilivimba hata ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kikohozi kikavu kikanianza, na moyo ukawa unakwenda mbio nami nimekaa kitako.

Nilimwambia mama mkubwa. Nilimwambia wazi, maana sikuumbwa na ulimi wa kubabaika. Nilimwambia si tumbo, ni kifua. Si maumivu, ni pumzi hainitoshi. Alinisikia vizuri kabisa. Hakunipuuza, na hili nataka lijulikane, kwa sababu watu wakisimuliwa kisa hiki humgeuza yeye kuwa katili. Alikaa karibu yangu, akanipapasa nywele, akanieleza alivyoelewa. Mwili wa mzazi uko wazi, alisema. Upepo umeniingia na umepanda kifuani kwa kuwa mkaja umelegea. Dawa yake ni kuukaza.

"Jikaze, mwanangu," aliniambia. "Wanawake wote tumepita hapa."

Basi kila nilipolalamika, nilikazwa. Kwetu mkaja hutarajiwa uumize. Mzazi anayecheka na kugeuka kitandani hakufungwa vizuri. Anayekunja uso na kuhema, huyo amefungwa na mtu anayejua. Kwa hiyo malalamiko yangu yalikuwa habari njema. Wanawake waliokuja kunipa pole ya uzazi walinitazama nilivyotweta, wakamsifu mama mkubwa kwa mkono wake. Yeye akaona haya kidogo, akawamiminia kahawa.

Jikaze. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni na sijawahi kulipenda. Niliambiwa nijikaze nilipotobolewa masikio, nilipofeli mtihani, nilipokuwa nikisukuma mtoto na nyonga zikiachana. Siku nyingine zote nilikuwa na jibu la kurudisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kujibu. Safari hii nilihitaji pumzi ya kujibia na sikuwa nayo. Nilinyamaza, na mama mkubwa akafurahi kwamba nimetulia.

Chini ya mto nilikuwa nimeficha kitabu. Nasomesha Kiingereza skuli ya sekondari, na wakati ule nilikuwa nimejiandikisha masomo ya juu chuoni Tunguu. Mwalimu wetu alitupa kazi: kila mtu achague neno moja la Kiingereza, afuatilie lilikotoka na maana zote lilizobeba njiani. Wenzangu walichagua maneno makubwa ya haki na uhuru. Mimi nilichagua tight. Nilikuwa nimegombana na wasichana wa darasa langu juu ya taiti wanazovaa chini ya sare, na nilipowauliza neno hilo limetoka wapi, mmoja akanijibu kwamba limetoka dukani. Darasa zima lilicheka, na mimi pia. Nikasema hili ndilo neno langu.

Mama mkubwa hakutaka nisome. Aliamini macho ya mzazi ni laini, yakisoma yataharibika. Basi nilisoma akiwa jikoni, nimeegemea ukuta, kitabu juu ya magoti. Nilishangaa jinsi Waingereza walivyolibebesha neno moja mizigo yote hiyo. Nguo inayobana ni tight, na kamba iliyovutwa, na kona ya barabara, na ratiba isiyo na nafasi. Marafiki wasioachana ni tight. Bahili asiyekunjua mkono ni tight, na mlevi naye vilevile, sijui kwa nini. Mtoto akienda kulala huambiwa alale tight, yaani alale fofofo. Kuna wanaodai msemo huo ulitokana na vitanda vya kamba vya zamani, ambavyo kamba zake zilibidi zikazwe kabla ya mtu kulala. Hapo nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa, maana sisi vitanda hivyo tunaviita teremka tukaze na hakuna aliyewahi kuvisifia usingizi. Lakini kitabu kilisema habari hiyo ya vitanda haina ushahidi.

Kilichonikamata ni asili ya neno lenyewe. Lilitoka katika lugha ya watu wa kaskazini ya Ulaya, watu wa bahari, na mwanzoni halikuwa na habari ya kuvuta wala kubana. Lilikuwa na maana ya kitu kilichoshikana, kisicho na tundu, kisichopitisha maji. Ubao wa chombo uliokalafatiwa, yaani uliozibwa nyufa zake vizuri, uliitwa hivyo. Lilikuwa neno la sifa, la kuwatuliza watu waliotaka kujua kama watafika. Huko kubana na kudhikika kulikuja baadaye.

Nilimfikiria mama mkubwa, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alichokuwa akitafuta kwenye mafundo yake ni ile maana ya zamani. Alitaka nisiwe na tundu. Aliniona ni chombo kilichofunguka, na alikuwa akiziba kila mahali ambapo kifo kingeweza kuingilia. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukuniongezea pumzi. Nilifikiria pia neno letu dhiki, ambalo tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni wembamba wa mahali. Miaka yote nimelitumia kwa shida za maisha. Sasa nilijua liko wapi mwilini.

Mume wangu ni mtu wa kusini, na kazi yake ni kuwatembeza wageni msituni Jozani kuwaonyesha kima punju. Kiingereza chake amekiokota kwa wageni, changu nimekitoa vitabuni, na tangu siku za uchumba tumekuwa tukitaniana nani kati yetu anacho cha kweli. Mbele ya mama mkubwa tulikifanya lugha ya kificho. Yeye alikuwa akisema tunazungumza Kikima, kwa kuwa mkwewe anashinda na kima, na sisi tukizidisha ili achukie. Arobaini ilipoanza mume wangu alibaki kwao karibu na kazi, akawa anakuja Ijumaa. Chumba cha mzazi si mahali pa mwanamume, basi alikuwa akikaa ukumbini, nyuma ya pazia, anapewa mtoto ambebe, na sisi tunazungumza kupitia kitambaa.

Ijumaa alizokuja nilimwambia niko salama. Kwenye simu nilimwambia vilevile. Ningesema nini? Mwanamke huyu hakuolewa tena baada ya kuachika ili asinilee kwenye nyumba ya mume asiyenitaka. Kila nguo niliyovaa skuli aliishona yeye. Nimshitaki kwa mume wangu kwamba ananiua kwa marekani aliyoitunza kabatini tangu posa? Tena nusu yangu ilimwamini. Pengine kweli wanawake wote wamepita hapa, nilijiambia, na mimi ni wa kudeka tu.

Siku zilizofuata ndizo nisizotaka kuzikumbuka. Nililala nimekaa, kwa wizi, nikiteleza chini mara niliposikia nyayo zake. Mtoto alipolia nilimweka titini, na kabla hajashiba nilikuwa nimeshachoka kumshika, mikono inatetemeka, namtazama anatafuta na mdomo wake. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nilimwona mwanangu akikua katika chumba hiki hiki, akilelewa na mikono hii hii, akionyeshwa picha yangu kama nilivyokuwa nikionyeshwa picha ya mama yangu, na akiambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi kila nilipouliza: mama yako alikufa kwa uzazi, Mungu alimpenda. Nilikuwa nimeyachukia maneno hayo maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nakwenda kumrithisha.

Nilisoma ile dua ya kuomba kukunjuliwa kifua, tuliyofundishwa utotoni tuisome kabla ya mtihani. Niliisoma mpaka nikashindwa kuifikisha mwisho kwa pumzi moja. Kitabu cha maneno kilikuwa kizito kukinyanyua, nikakiacha sakafuni. Mama mkubwa alikiona akakipita tu. Nadhani na yeye alikuwa ameanza kuogopa, kwa sababu siku hiyo alikaza mkaja mara nyingi, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Ijumaa iliyofuata mume wangu aliwahi, kabla ya sala. Nilimsikia akipanda ngazi na kupiga hodi, mama mkubwa akamtolea mtoto, kisha akarudi akakaa miguuni pangu kukunja nepi. Pazia lilikuwa limeshushwa. Mume wangu aliuliza hali yangu, akaniambia habari za njiani, akatania kwamba mtoto amechukua pua yangu na atalipishwa kwa hilo. Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo na sentensi ikakatika katikati, nikaanza tena ikakatika tena. Mama mkubwa akanipigapiga mguu, ule uliovimba, akanong'ona nijikaze.

Sikuchagua Kiingereza kwa ustadi. Nilikichagua kwa sababu yeye alikuwa pale pale, na hata katika hali ile nilikuwa naogopa kumvunjia heshima.

"My chest is tight," nilisema. "I can't lie down."

Nilidhani hakusikia, nikakusanya pumzi nirudie, lakini sikupata haja ya kurudia.

Baadaye mume wangu alinieleza. Watembeza wageni msituni hufunzwa huduma ya kwanza, na katika mafunzo yake walikaririshwa maneno machache ambayo mgeni akiyatamka, safari inaishia hapo hapo. Maneno yangu yalikuwa miongoni mwa hayo. Walifanyishwa mazoezi: mwenzako anayasema, wewe unamkalisha, unamlegezea kila kilichombana, unaita gari, na huulizi mara ya pili. Mzee mmoja mgeni aliwahi kumwambia hivyo kwenye njia ya mikoko, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Tangu hapo maneno yale akiyasikia miguu yake hutangulia. Kisha akaniambia jambo jingine, akitazama pembeni. Alisema lau ningemwambia kwa Kiswahili kwamba kifua kinabana, huenda na yeye angeniambia nijikaze.

Aliingia. Alisukuma pazia akaingia na viatu vyake, mtoto mkono mmoja, na uso ambao sijauona kwake kabla wala baada. Alimweka mtoto kitandani, akanishika kwapani akaniketisha. Mama mkubwa aliinuka akamwambia atoke, hapa si pahala pake. Alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemrudi mtoto wa watu.

"Mama, nakuomba," alisema mume wangu. "Mfungue."

Mama mkubwa aliweka mikono yake yote miwili juu ya mafundo.

"Sifungui," alisema. "Mimi nshawahi kumfungua mtu."

Hatukumwelewa, wala hatukuwa na wakati wa kumuuliza. Nilimshika mkono. Nilimwambia kitu pekee nilichoweza kukisema chote bila kukatika.

"Mama, nipe pumzi."

Alinitazama. Kisha vidole vyake vikaanza kufungua. Marekani ilikuwa imelowa jasho na kujifunga yenyewe, fundo halikutoka. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Mume wangu alitoa kile kisu kidogo anachotembea nacho msituni, akamtazama yeye kwanza. Mama mkubwa aligeuza uso ukutani. Kitambaa kikakatwa kutoka chini kwenda juu, na nilikisikia kikiachia.

Ningependa kuandika kwamba pumzi ilirudi. Ilirudi kidogo, kisha ikagoma pale pale ilipokuwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu nilifahamu kwamba si kitambaa. Kitambaa kimetoka, na kitu bado kimenikalia.

Gari haiwezi kufika kwenye nyumba ile. Mama mkubwa alitaka nibebwe juu ya kitanda nimefunikwa gubigubi, kama inavyopasa mzazi aliye ndani ya arobaini. Mume wangu alisema kiti. Walibishana, na mimi nikaelekeza kidole kwenye kiti. Jirani wa chini alikuja akasaidia kunishusha ngazi. Ilikuwa ndiyo kwanza watu wanakwenda msikitini, na vichochoro vimejaa kanzu nyeupe. Kwenye pembe moja kiti kilikwama baina ya kuta na baraza, ikabidi waniinue juu ya vichwa vyao, nami nimejitanda kanga, nashikilia mgongo wa kiti. Wanaume waliokuwa mbele walijibanza milangoni kutupisha. Mmoja alipoona mtu aliyefunikwa anapitishwa juu alianza kuniombea rehema za marehemu, na mimi nikamtikisia kichwa. Alishtuka, kisha akaja akashika mguu mmoja wa kiti mpaka barabarani kwenye teksi.

Nyuma yetu alikuwa mama mkubwa na mtoto. Hakuwa amevaa viatu. Kwapani alikuwa na marekani iliyokatwa.

Hospitali walinitia barakoa ya hewa, wakanichoma sindano za kutoa maji, na daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya usingizi, akanipima moyo kwa mashine. Alipomaliza alivuta kiti akakaa. Alisema moyo wangu umetanuka na umechoka. Hausukumi damu inavyopasa, kwa hiyo maji yanarudi nyuma, yanajaa miguuni na mapafuni. Alisema huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au baada ya kuzaa, na si kosa la mtu yeyote. Mkaja haukuuleta ugonjwa. Ulichofanya, pamoja na kulazwa chali, ni kuninyang'anya nafasi ndogo ya kupumulia niliyokuwa nimebakiwa nayo. Nikiwa nimezibwa kwa nje kwa mikono yote ya mapenzi, maji yalikuwa yanapanda kwa ndani.

Alisema nitakunywa vidonge kwa muda mrefu, pengine daima. Alisema nisizae tena, na alisema hivyo akimtazama mume wangu. Hakuahidi kitu. Moyo wa namna hii, alisema, kwa wengine hurudi hali yake na kwa wengine haurudi, na itabidi tusubiri. Kisha akauliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamke mwingine aliyepatwa na haya.

Nilisema mama yangu alikufa ndani ya arobaini aliponizaa mimi, lakini sijui kwa ugonjwa gani. Niliambiwa uzazi tu.

"Miguu ilimvimba," alisema mama mkubwa.

Alikuwa kwenye kona, kwenye benchi, mtoto amelala kifuani mwake na kile kitambaa kimekunjwa mapajani. Daktari aligeuka akamsikiliza. Mama mkubwa alieleza taratibu, bila kuniangalia. Mama yangu alivimba miguu, akakohoa, akalia kwamba hawezi kulala. Bibi yetu, mama yao, ndiye aliyekuwa akimfunga, na kila alipolia alikazwa. Mama mkubwa wakati huo alikuwa bado msichana; mdogo wake alimtangulia kuolewa. Alasiri moja bibi alipokwenda kisimani, mama yangu alimbembeleza dada yake amfungue, na yeye akamwonea huruma, akafungua mafundo yote. Mama yangu alikaa, akamwegemea. Bibi aliporudi na ndoo alimkuta ameshakufa, bado ameegemea pale. Bibi aliuliza neno moja tu, nani aliyemfungua. Kisha akasema: umemwacha wazi.

Daktari alimwambia kwa upole kwamba kwa dalili hizo inaelekea ulikuwa moyo ule ule, na kwamba wakati ule hapakuwa na wa kuujua. Alisubiri kidogo, akaitwa kitanda kingine, akaenda. Mume wangu alikwenda kutafuta vidonge. Tukabaki sisi na mtoto, na sauti ya hewa ikipita kwenye mrija.

Nilimtazama mwanamke huyu. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha; mbavu zangu zilikuwa bado na alama za mafundo yake. Nilifikiria kwamba kila alipoweka goti ubavuni mwangu alikuwa akivuta kwa mikono ya yule msichana, akijaribu safari hii asilegeze. Amenilea mimi, akaniosha, akanisomesha, akiamini moyoni kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yangu. Nilishindwa kuishika hasira yangu. Ilinitoka, na mahali pake pakaingia kitu kizito zaidi ambacho sina jina lake katika lugha yoyote ninayosomesha.

"Nilipomfungua alivuta pumzi moja ndefu," alisema, bado anatazama sakafu. "Akanambia ahsante. Nnaisikia mpaka leo, ahsante ya mtu niliyemuua."

Niliivuta barakoa chini. Alinyanyua mkono kunizuia, nikautangulia.

"Hukumuua, mama," nilimwambia. "Katika nyumba nzima, wewe peke yako ndiye uliyempa pumzi."

Hakulia. Aliuweka mkono wake juu ya mgongo wa mtoto. Kisha aliinuka, akamlaza mtoto ubavuni mwangu, akairudisha barakoa usoni pangu, akavuta mpira wake wa kufungia nyuma ya sikio. Kwa mazoea akapitisha kidole baina ya mpira na shavu langu. Kidole kilipita. Akautazama mpira ule, akauacha hivyo hivyo.